Nukta ya Kijani ya Wifi Yangu

Wifi yangu alikuwa mke wa kaka yangu ambaye hakuzaliwa. Kwetu ukisema hivyo hakuna anayeshtuka, lakini nikiwaambia watu wa mbali wananitazama kama nimechanganyikiwa, kwa hiyo acha nieleze.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, aliolewa Kenyamonta. Akazaa mabinti watatu, wote wakaolewa, mume akafa, akabaki peke yake na kuku zake na mji mkubwa, yaani boma zima, usio na sauti. Kwa sisi Wakurya mwanamke wa namna hiyo haiachi nyumba yake ife. Anatoa ng'ombe, anaoa. Anaoa msichana kama mwanamume anavyooa, na watoto watakaozaliwa, baba yao awe yeyote, ni watoto wa nyumba ile. Ndiyo tunayoiita nyumba ntobhu. Msichana anahesabiwa kuwa ni mke wa yule mtoto wa kiume ambaye mama mkubwa angemzaa kama Mungu angependa. Basi mke wa kaka yangu ni nani kwangu? Ni wifi. Nilimwita wifi tangu siku aliyoletwa kutoka kwao Nyambureti, naye akaniita wifi, na tukacheka sana siku hiyo kwa sababu wote wawili tulijua kaka hayupo.

Alikuwa msichana mrefu, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, aliyefika kidato cha pili akaishia hapo. Mama mkubwa alimpenda. Nasema mapema ili mtu asihangaike kutafuta mchawi katika habari hii: hakuna. Ukimtafuta sana utanikuta mimi, nimekaa na kishikwambi mapajani.

Maana ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kulikuwa na mradi wa afya ya mama na mtoto, wakatuajiri sisi tulioishi Mugumu na tunaojua lugha za vijijini, wakatupa vishikwambi na fulana. Kazi yenyewe ilikuwa kuwawekea akina mama aplikesheni kwenye simu zao. Mama anaandika tarehe ya kuzaliwa mtoto, anaandika uzito kila akitoka kliniki, anaweka na picha ya mtoto akipenda. Siku ya chanjo ikikaribia simu inalia kumkumbusha, naye anathibitisha siku atakayokwenda, na kwa kuwa inajua alipo, inamwonyesha zahanati iliyo karibu. Kitu kizuri. Hata leo, pamoja na yote, siwezi kusema kilikuwa kitu kibaya.

Upande wangu, kwenye kishikwambi, kila mama alikuwa nukta ya kijani juu ya ramani. Asipofungua programu kwa muda mrefu nukta inageuka ya kijivu, nami natakiwa nimfuatilie. Majina hayakuwepo. Hilo walilisisitiza sana kwenye semina Musoma: hakuna jina, kuna namba tu, faragha ya mama italindwa. Mkufunzi mmoja, kijana msafi wa viatu, alituambia kwamba namba haina uso. Tukaandika kwenye madaftari yetu na kupiga mstari.

Labda huko kwao haina. Mimi nilikuwa napita Kenyamonta, naona nukta moja kwenye kilima ambacho kina mji mmoja tu, wenye mwanamke mmoja tu anayenyonyesha. Jina la nini tena hapo? Baada ya mwezi nilizijua namba zangu zote kwa sura na kwa kikohozi. Na sikuona shida. Niliona kwamba ndiyo kuijua kazi.

Sehemu ngumu ilikuwa ukurasa wa ruhusa. Kabla programu haijaanza inauliza: unakubali tujue mahali ulipo, unakubali taarifa zako zionekane kwa wahudumu walioidhinishwa. Chini yake vitufe viwili, Kubali na Kataa. Sasa wewe niambie ni mama gani wa kwetu atabonyeza Kataa mbele ya mgeni aliyetoka Mugumu na pikipiki, amemletea kitu cha bure, na wenzake wote wanaangalia. Kwetu mgeni akikupa kitu hukirudishi mkononi mwake, ni kumtukana. Kwa hiyo walikubali wote. Wengine hawakusoma, nilishika kidole gumba chao nikakibonyezea mimi. Kuna bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake, aliniuliza kwa sauti, "Hiyo simu itaniona hata nikienda chooni?" Nikamjibu, "Bibi, ikuone ili iweje?" Akina mama wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilijisikia mcheshi sana siku ile.

Mtu mmoja tu alisoma ukurasa ule mpaka mwisho, naye ni wifi yangu. Tulikuwa uani kwa mama mkubwa tunapukuchua mahindi, mtoto wake wa kike ana wiki sita amelala kwenye ungo. Nilimwekea programu kwenye simu yake, akanipokonya, akasoma polepole huku midomo ikicheza.

"Wifi," akasema, "hawa wahudumu walioidhinishwa ni akina nani?"

"Ni mimi."

"Wewe tu?"

"Mimi na ofisi. Ofisi wana kazi nyingi, hawana muda na wewe."

Akanitazama. "Basi kama ni wewe, sawa." Akabonyeza Kubali, akarudi kwenye mahindi.

Sasa tuje kwenye matatizo ya nyumba ile. Baba wa yule mtoto alikuwa kijana wa jirani, wifi alimpenda, na mama mkubwa hakuwa na neno naye. Kijana akaenda machimboni, akanyamaza moja kwa moja kama wanavyonyamaza. Mama mkubwa akasubiri, kisha akaona muda unakwenda na nyumba ina mtoto mmoja tu. Akamletea mwanamume mwingine, mjane wa makamo, mtu wa gongo, mwenye mkono mwepesi. Wifi akakataa. Mama mkubwa akasema huyu ndiye. Yule bwana akawa anakuja jioni anakaa kwenye kiti cha uvivu cha marehemu, anadai chakula. Siku moja nilimkuta wifi ana uvimbe chini ya jicho. Nilimuuliza, akaniambia ameanguka. Nikamgombeza kwa kunidanganya, nikamgombeza na mama mkubwa, nikapanda pikipiki nikaenda zangu. Hicho ndicho nilichofanya. Kugombeza ninaweza.

Haikupita wiki mbili, akaondoka. Aliamka asubuhi kama kawaida, akamfunga mtoto mgongoni, akachukua ndoo kwenda kisimani. Alirudi na maji, akayaweka jikoni, akayafunika na sahani. Kisha akatoka tena na hakurudi. Mtoto alikuwa na miezi kumi na sita. Mama mkubwa alipokwenda kutia chumvi kwenye mboga alikuta laini ya simu ndani ya kopo la chumvi, imekatwa vipande viwili.

Watu wa huku tunaamini kwamba mtu ni laini. Ukitaka kupotea unabadilisha laini. Jirani zetu wa mpakani wana laini mbili, ya huku na ya Kenya, na wanavuka kwa kuchomoa moja na kuchomeka nyingine, na anayempigia mmoja wao anaambiwa hapatikani, ameshavuka. Wifi alikata laini yake akajua amejikata na sisi. Lakini programu ile haikuwa inaiuliza laini. Ilikuwa inaijua simu yenyewe, kama ng'ombe anavyojulikana kwa alama ya moto hata ukimbadilisha kamba. Hilo tuliambiwa semina kwa dakika mbili, na mimi sikuwaambia akina mama hata mmoja, maana nani angeuliza?

Angeifuta tu ile programu, basi. Hakuifuta kwa sababu humo ndimo alimokuwa na mwanawe: uzito wa kila mwezi, ule mstari unaopanda, na picha ya mtoto akiwa na wiki sita ndani ya ungo. Na hakuifuta kwa sababu alitaka kukumbushwa chanjo ya miezi kumi na minane.

Niliiona nukta yake siku ya kumi na moja. Ilikuwa Sirari, huku upande wetu, hatua chache tu kutoka mpakani. Moyo ulinilipuka kwa furaha, jamani, yu hai. Nilijua palepale yuko kwa nani: ana mama yake mdogo anayeuza mitumba kule. Nikafunga kishikwambi. Sikumwambia mama yangu, sikumwambia mume wangu. Nilikaa na siri ile karibu miezi miwili, na kusema kweli nilijipenda kwa ajili yake. Kila asubuhi nilifungua, nikaiona ya kijani, nikaendelea na shughuli zangu. Sikujiuliza kama nina haki ya kuitazama. Nilijiona mlinzi.

Mama mkubwa akaja kwangu Mugumu siku ya Jumatatu, mchana, amebeba kuku na kifuko cha ulezi. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa sauti ndogo. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kochi, akaweka mikono magotini, na kabla sijaleta chai akaanza kulia.

Mjue kwamba mimi sikuwahi kumwona mama mkubwa akilia. Hata kwenye msiba wa mumewe alilia kama desturi inavyotaka, akamaliza, akaenda kusimamia masufuria. Sasa alilia na kamasi, kama mtoto, mwanamke wa miaka sitini na kitu.

"Amevuka," alisema. "Wamempeleka mjukuu wangu Kenya. Atakua anaongea maneno ya huko, hata nikikutana naye njiani hatanijua. Mimi sitaki mengine, mwanangu. Huyo mwanamke akitaka kuondoka aondoke. Mimi namtaka mtoto wangu. Usiku naamka nadhani amelia."

Ningekaa kimya. Ningeleta chai. Ningelia naye, si ningelia naye tu? Lakini mimi ni mtu wa kutoa dawa, siwezi kumwona mtu anaumwa nikanyamaza na huku dawa ninayo mfukoni.

"Mama mkubwa," nikasema, "nyamaza. Hajavuka."

Akanyamaza. "Umejuaje?"

"Najua tu. Na mtoto ni mzima. Jumatano hii anampeleka chanjo, amethibitisha mwenyewe. Mwanamke anayekumbuka chanjo atamtupa mtoto? Tulia."

Hakuuliza yuko wapi. Hakuuliza neno lingine lolote. Alifuta uso kwa kanga, akanywa chai vikombe viwili, akanisifia chai, akaniombea baraka, akaondoka. Na mimi mpumbavu nikasimama mlangoni nikimwangalia anavyotembea vizuri, nikajiambia: nimemtuliza mzazi, na mahali sikupataja.

Mtu anayekimbilia mpakani akawa hajavuka, na ana mama mdogo Sirari, yuko wapi? Hata yule kuku aliyeniletea angejua. Na ukishajua mji, na ukajua siku, na ukajua ni chanjo, unahitaji ramani ya nini? Nukta ilikuwa kinywani mwangu, nikaitema yote, halafu nikajisifu kwamba sikuionyesha.

Ya Jumatano nilihadithiwa baadaye na yule mama mdogo, na yeye hakunihadithia kwa wema. Wifi alikaa kwenye benchi la kliniki na akina mama wengine, mtoto ameshachomwa sindano ya mkono, analia, wanasubiri kadi iandikwe. Mama mkubwa akaingia, amevaa nguo yake ya kanisani. Watoto wawili wa shemeji yake, wanaume wazima, walibaki getini. Hakupiga kelele. Alikwenda akakaa kwenye benchi kando ya wifi, kama mtu aliyewekewa nafasi.

Na wifi, kwa mazoea, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechoka. Nipe nimshike."

Akampa. Mimi namwelewa. Watu wameniuliza, alimpaje? Nyinyi mmelelewa wapi? Bibi amenyoosha mikono, mjukuu analia na anamjua, anamwegemea mwenyewe, wewe utamvuta mbele ya watu? Mikono ilimpa kabla akili haijafika. Mama mkubwa akambembeleza, akamfunga mgongoni, akasimama, akatoka.

Hapo ndipo wifi alipopiga yowe. Muuguzi akatoka, wanaume wakaingia kati, ikawa vurugu. Muuguzi akaitazama kadi aliyokuwa nayo mkononi. Pale palipoandikwa jina la baba, paliandikwa jina la marehemu mume wa mama mkubwa, kama ilivyo kwenye nyumba ntobhu. Akasema haya ni mambo ya ukoo, mkayamalize nyumbani. Akaitoa kadi kwa yule aliyembeba mtoto. Akina mama kwenye benchi waliinamisha vichwa, kila mmoja akamshika wake vizuri.

Saa kumi jioni simu yangu ililia, namba ya Kenya.

"Wifi." Sauti ilikuwa imekauka. "Wifi, wamemchukua. Nani amewaambia?"

Nikasema, "Sijui."

"Haki ya Mungu nilikuwa nimekuwazia wewe. Nimewaza na ile programu. Halafu nikasema hapana, wifi hawezi. Nisamehe kwa kukuwazia."

Nikamwambia nimekusamehe. Ndivyo nilivyosema, masikio yangu yalisikia. Nimekusamehe.

Walimwambia arudi, nyumba ni yake, yule bwana yupo anamsubiri. Hakurudi. Alikwenda ofisi ya kata, wakamwambia kwanza baba yake arudishe ng'ombe, na ng'ombe wale baba yake alikwisha kumwozea kaka yake zamani. Hapo mlango ukafungwa. Mama mdogo aliniambia amevuka sasa, kweli kweli, anafanya kazi kwenye hoteli ya chakula. Nukta yake ikageuka ya kijivu, maana ramani yetu iliishia mpakani. Ofisini wakataka nijaze sababu ya mama huyu kuacha kutumia programu. Kulikuwa na orodha: amehama, amepoteza simu, mtoto amefariki, nyingine. Nikaikodolea macho kama mtihani. Nikachagua amehama.

Siku moja nilimuuliza msimamizi wangu, kwa kuzungukazunguka, kama inawezekana mtu akadhurika na ile ramani. Hakuwa mtu mbaya. Akanikumbusha kwa upole kwamba taarifa zetu hazina majina. Nikataka kumrushia kishikwambi. Nikamwambia asante.

Mtoto alikua. Lazima niseme kweli, alipendwa. Mama mkubwa alinenepa tena. Yule mlevi alifukuzwa, hakuna tena mwanamke wa kumwekea, akabeba fimbo yake akaenda. Mtoto alilala kitanda kimoja na bibi yake, alikula mayai, alikuwa na viatu. Lakini kila alipomwona mwanamke mrefu anapita barabarani alinyamaza akamfuata kwa macho mpaka apotee, halafu akaendelea kucheza. Nilipokwenda kuwasalimia, mama mkubwa alikuwa ananishika mkono mbele za wageni na kusema, "Huyu ndiye aliyenirudishia mjukuu." Nilikuwa natoka nje kujifanya naongea na simu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi wangu nilikuwa namwona kwa macho, anafukuza kuku uani, ananiita shangazi.

Alipofika miaka minne kasoro, nukta ikawaka.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya mnada Kenyamonta. Nilikuwa nyumbani naangalia orodha ya wiki, nikaona ile namba ambayo ningeitambua hata usingizini, ya kijani, katikati kabisa ya mnada. Saa nne asubuhi ilikuwepo. Saa nane ikaondoka. Mnada uliofuata ikarudi, saa nne mpaka saa nane. Mnada wa tatu, vilevile. Mama mkubwa alikuwa haukosi mnada. Anauza kuku na ulezi, na mtoto anakwenda naye.

Sikuhitaji kuambiwa. Nililia jikoni mpaka mume wangu akadhani nimefiwa. Alikuwa amepata njia. Anavuka mpaka, anapanda magari mawili, anakuja kumwona mwanawe kwa saa nne, anarudi. Na hakuna anayejua, na hakuna anayemfukuza.

Hapo nilipaswa kukaa. Mtu yeyote mwenye akili angekaa. Lakini nilikuwa na kitu kifuani kilichokuwa kinaniunguza tangu ile simu ya saa kumi jioni, na nikaona Mungu amenifungulia mlango. Nitakwenda nimwambie ni mimi. Nitampigia magoti kwenye mavi ya ng'ombe mbele ya watu, anitukane, anipige makofi akitaka, lakini ajue, na mimi nipumue. Niliwaza kifua changu. Sikuwaza kingine.

Mnada wa nne nikaenda. Watu walikuwa wengi, vumbi, ng'ombe, wauza mitumba wanaimba bei. Ningempataje? Nikafungua kishikwambi. Nukta ilikuwa upande wa wauza vyakula, nikaifuata, nimeinamisha kichwa, nikigongana na watu.

Alikuwa ameketi chini, ameteremsha kitenge mpaka kwenye nyusi, mbele yake sinia ya karanga za kukaanga. Hatua kama kumi nyuma yake mama mkubwa alikuwa amempa mgongo, anabishana na mteja juu ya jogoo. Na mtoto alikuwa amesimama mbele ya sinia, amefumbua kiganja. Wifi alikuwa anamwekea karanga kiganjani moja moja, polepole, kila moja anaigusisha kwenye ngozi kabla hajaiachia. Mtoto alikuwa anazihesabu kwa sauti. Alifika sita, akaruka saba, akasema nane. Wifi akasema, "Saba kwanza."

Nilisimama. Mpaka leo sijui kwa nini sikugeuka, maana yote niliyohitaji kuyaona nilikuwa nimeyaona. Nikasema, "Wifi."

Akainua uso. Alianza kutabasamu, naapa, midomo ilianza, alifurahi kuniona. Kisha macho yakashuka kwenye kishikwambi. Kilikuwa wazi, na ramani iko pale, na ile nukta ya kijani inapepesa katikati ya mnada mahali palepale alipokaa. Akaitazama muda mrefu. Akanitazama mimi. Nikaona miaka yote inapita usoni kwake, laini iliyokatwa, kliniki, benchi, na yale maneno yangu, nimekusamehe.

"Kumbe ni hicho," alisema.

"Wifi, nimekuja kukuomba..."

Aliingiza mkono kifuani, akatoa simu. Ilikuwa ileile ya zamani, imepasuka kioo, imefungwa na mpira. Akaibonyeza, ikawaka, na mbele kabisa ilikuwa picha ya mtoto ndani ya ungo. Aliitazama kidogo. Kisha akaniwekea mkononi, akanifumba vidole.

"Shika," alisema. "Ni yenu."

Akammiminia mtoto karanga zote zilizobaki kwenye upindo wa gauni lake, akamwambia akale na bibi. Akaichukua sinia tupu, akasimama, akapita katikati ya ng'ombe. Hakukimbia. Mrefu vile, nilimwona kwa muda mrefu. Mama mkubwa alipogeuka na pesa ya jogoo mkononi alishangaa kunikuta, akafurahi, akaanza kuwatangazia wauza mboga kwamba huyu ndiye.

Niliacha ile kazi mwezi huohuo. Kabla ya kurudisha kishikwambi niliomba ofisi waifute ile namba na kila kilicho ndani yake. Wakasema inawezekana ikiwa mtumiaji mwenyewe ataomba. Simu iko kwangu, ndani ya kabati la vyombo. Sijathubutu kuifungua wala kuitupa. Mama mdogo wa Sirari haniitikii salamu, na laini ile ya Kenya haipatikani.

Mnada uliofuata nilikwenda tena, bila kifaa chochote, nikasimama kwa wauza vyakula tangu asubuhi. Mtoto alikuja peke yake akasimama mahali palepale penye udongo uliokanyagwa, amefumbua kiganja kabisa, akaangalia huku na huku. Alikaa pale mpaka bibi yake akamwita mara tatu. Kisha akaniona, akaja akanishika sketi.

"Shangazi, mama wa karanga mbona haji?"

Nikasema, "Sijui."